Namna ya Kuuokoa Ulimwengu Ukiwa Umekaa kwenye Mkeka

Osha vyombo kwanza. Ulimwengu unaweza kusubiri, lakini sufuria ya ugali ikishakauka imekauka, na bado sijamwona mkombozi wa binadamu aliyebaki na heshima yake baada ya kuitwa jikoni katikati ya vita. Ukimaliza, rudisha mlango wa sebuleni, tandika mkeka mbele ya televisheni, mwambie mama watoto una kazi kidogo. Usitaje gemu. Mtu wa miaka arobaini na saba hachezi gemu. Ana kazi kidogo.

Kazi yenyewe inaitwa Halo: Combat Evolved. Ilitoka Marekani tarehe 15 Novemba 2001, siku ileile Microsoft ilipoingiza sokoni Xbox yake ya kwanza. Utaulizwa kwa nini uhangaike na kitu kizee namna hiyo. Jibu kwa upole kwamba gemu za leo, kabla hujafyatua hata risasi moja, zinataka upakue gigabaiti za kumaliza bando la ukoo mzima, ujisajili, ukubali masharti, kisha usubiri marekebisho. Hii unaingiza diski, wanaume wanaanza kuimba kwa sauti nzito kama watawa kanisani, na shughuli imeanza. Uimbaji huo ni wa Martin O'Donnell na Michael Salvatori, na una kasoro moja tu: unamfanya mtu ajione mteule kabla hajafanya lolote.

Ukinunua mashine ya mtumba, soma maandishi madogo ya mgongoni kabla ya kuichomeka. Ile iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inataka volti 110 na ushee, ukuta wako unatoa 230. Mimi sikusoma. Ulisikika mlio mmoja mkavu, ikafuata harufu ya plastiki, na mke wangu, Mama Zuhura, akaja kufungua madirisha yote bila kusema neno, jambo ambalo ni zito kuliko kama angesema. Mashine ya pili niliisoma mara tatu.

Ile pedi ya kwanza ya Xbox isikutishe. Ilikuwa kubwa mpaka ikapewa jina la Duke, na mtu mwenye mikono ya wastani huishika kama dereva wa lori ashikavyo usukani. Ilibadilishwa baadaye kwa ndogo zaidi. Ukiipata ile kubwa, itunze. Siku mlinzi wa mtaa hayupo itakufaa.

Sasa jifunze usuli kidogo, kwa ajili ya kujitapa. Walioitengeneza wanaitwa Bungie, kampuni iliyoanzia Chicago mwaka 1991. Halo ilianza kama mchezo wa kupanga majeshi ukiyatazama kutoka juu. Ikashuka ikawa ya kumtazama askari mgongoni. Mwisho ikaingia ndani ya macho yake. Julai 1999 Steve Jobs aliitambulisha jukwaani kama fahari inayokuja kwenye kompyuta za Mac. Juni 2000 Microsoft ikainunua Bungie yote. Ni kama mchumba aliyekwisha kuonyeshwa kwa wazee wa upande huu, posa imepokelewa, shela limeshonwa, halafu harusi ikapigwa nyumba ya jirani. Na harusi hiyo ilikuwa na tarehe: mashine inaingia sokoni Novemba, gemu iwe tayari Novemba. Ishike tarehe hiyo. Tutaihitaji tutakapofika kwenye aibu.

Hadithi usiielewe sana. Mwaka ni 2552. Binadamu wanapigwa na Covenant, muungano wa viumbe wa sayari nyingine wenye dini kali na meli nzuri. Meli yetu, Pillar of Autumn, inakimbia na kuangukia mbele ya pete kubwa inayoelea angani, kipenyo chake kilomita 10,000, ndani yake kuna bahari, milima, theluji na kinamasi. Wewe ni Master Chief, askari aliyevikwa chuma cha kijani kutoka utosini hadi unyayoni. Kichwani umewekewa Cortana, akili ya kompyuta yenye sauti ya kike, anayejua mlango upi ufunguliwe na anayekuambia mara mbili. Uso wako hauonekani tangu mwanzo hadi mwisho. Hilo ni jambo jema: chini ya kile chuma unaweza kuwa na kitambi chako na hakuna ajuaye.

Utaamshwa kwenye jokofu. Fundi atakuomba utazame taa ya juu, kisha ya chini. Utadhani anakupima macho. Kumbe gemu inajifunza kama wewe ni mtu wa kusukuma kijiti juu ili utazame juu, au ni wale wengine. Inakuuliza kama hivyo ndivyo upendavyo, kisha inajirekebisha. Nimekaa kwenye foleni za ofisi nyingi nchini na hakuna dirisha lililowahi kunipokea kwa adabu hiyo.

Ukishatoka kwenye jokofu, kazi yako ni moja: tafuta nusu dakika.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye nyama. Mmoja wa wabunifu wa Halo, Jaime Griesemer, alisema neno kuhusu sekunde thelathini za raha zinazojirudia gemu nzima. Watu walilishika neno hilo nusu: fanya sekunde thelathini ziwe tamu, zirudie, ondoka na pesa. Yeye alikuja kueleza baadaye kwamba waliikata kauli yake. Alichokusudia ni kuzichukua zile sekunde thelathini na kuzihamisha: leo ufukweni, kesho kwenye theluji, safari hii una gari, safari ijayo adui wamechanganyika vingine. Mapishi ni yaleyale, sinia ndilo linalobadilika. Ukielewa tofauti ya kauli hizo mbili, umeielewa Halo yote, uzuri wake na uvivu wake, na unaweza kuacha kusoma uende kucheza.

Kama umebaki, fanya hivi. Nenda kwenye misheni ya nne, The Silent Cartographer. Unashushwa ufukweni na ndege, mawimbi yanapiga, askari wenzako wanaruka wakipiga kelele. Mbele yenu wamesimama Grunt, vifupi vyenye mitungi mgongoni na sauti za watoto walionyimwa maandazi, na juu yao yuko Elite, mrefu, mwenye ngao inayometa. Piga Grunt kwanza uone kazi inavyokuwa ngumu. Kisha kufa, maana utakufa, urudi na kumpiga Elite kwanza. Akianguka, vifupi vyote vinatupa mikono juu na kukimbia ovyo vikilia kwamba kiongozi amekufa. Kimoja kitakimbilia kwako kwa kukosea njia. Rusha bomu la mkono: Elite wa pili analiona, anajitupa pembeni. Rusha lile la bluu la Covenant, linamnata Grunt kifuani. Naye, badala ya kufa kwa staha, anakimbilia kwa wenzake kuomba msaada na kwenda nao. Umetumia bunduki, bomu na kitako cha bunduki katika pumzi moja, wala hukubadilisha silaha kurusha bomu, maana kila kimoja kina kitufe chake. Hakuna mara mbili itakayofanana. Nimekicheza kile kipande cha ufukwe mara nyingi kuliko nilivyokwenda Coco Beach, na kila mara kuna mtu anakufa kwa namna mpya, kwa kawaida mimi.

Juu ya akili ya maadui hao kuna siri moja ambayo ni halali kuitumia nyumbani. Griesemer na mwenzake Chris Butcher walieleza mwaka 2002, mbele ya watengeneza gemu wenzao, kwamba walipowapa watu gemu waijaribu, adui waliofanywa wagumu kufa ndio waliosifiwa kuwa na akili. Ubongo uleule! Adui anayekufa haraka hapati nafasi ya kuonyesha anachokijua. Kwa hiyo ukitaka kuonekana mwerevu kwenye kikao cha ukoo, usijisumbue na hoja. Kaa muda mrefu tu, usiondoke.

Kuhusu silaha: unabeba mbili. Si tatu. Mashujaa wa gemu za zamani, kama yule wa Doom ya 1993, walitembea na ghala zima la jeshi mifukoni na bado walikimbia kama swala. Master Chief, mwenye misuli ya kunyanyua gari, anabeba mbili, kama abiria wa ndege anayepimiwa mizigo. Mwanzoni utanung'unika. Baada ya saa moja utakuwa umesimama katikati ya vita ukiwaza kama mwanamke mbele ya meza mbili za vitenge: nichukue hii ya sindano za waridi zinazomfuata mtu na kulipuka, au nibaki na hii ya kawaida yenye risasi? Uamuzi huo mdogo, unaofanywa huku unapigwa, ndio umebeba gemu. Kila kinachookotwa kinamaanisha kuna kinachoachwa.

Ila sikiliza ushauri wa mzee. Moja kati ya hizo mbili iwe bastola. Sijui aliyeipanga alikula nini siku hiyo. Bunduki kubwa ya askari, yenye risasi 60 na tarakimu zinazohesabu mgongoni, inanguruma kama jenereta ya harusini huku taa zenyewe zimefifia. Adui wa mbali anaisikia, anageuka kutazama nani anapiga kelele. Bastola ina risasi 12 na darubini. Mnapopigana wenyewe kwa wenyewe, tatu za kichwa zinamlaza mtu. Wale Hunter wakubwa kama kontena, wanaotembea wawiliwawili na kuwatia watu jasho, risasi moja tu ya bastola kwenye ile nyama ya chungwa mgongoni inatosha. Watu wapenda haki watakuambia huo ni upungufu wa uwiano. Waambie ndiyo, ni upungufu, na usiiweke chini.

Ngao yako nayo ina elimu yake. Ukipigwa inapungua na kulia kama simu yenye chaji asilimia mbili. Ukijificha sekunde chache inajijaza yenyewe. Uhai ulio chini ya ngao haujijazi. Huo unatafuta sanduku la dawa. Kwa hiyo ushujaa katika Halo ni kujua jiwe liko wapi. Piga, rudi kwenye jiwe, pumua, piga. Gemu nyingi zilizofuata zilikopa jambo hili, nyingine zikafuta hata sanduku la dawa, na kizazi kizima kikalelewa kikiamini kwamba mtu aliyepigwa risasi anahitaji kuchutama tu.

Sasa gari. Linaitwa Warthog, lina viti vitatu: dereva, abiria, na mwenye bunduki kubwa nyuma. Linaelekea unakotazama, si unakokata kona, na lina magurudumu yanayoteleza kama limepakwa sabuni. Askari wenzako watapanda kwa furaha. Watakaa nyuma wapige, watakaa kando wakusifie. Hakuna hata mmoja atakayeendesha. Jeshi lote la binadamu la mwaka 2552, na mwenye leseni ni wewe peke yako. Ukipinduka, wao wanatawanyika nyasini na baadhi hawaamki. Gari lenyewe haliharibiki kwa lolote, ligonge mwamba, litumbukie bondeni, lipigwe kombora. Wewe ndiye unayeharibika. Unalipindua kwa mkono mmoja na kuendelea. Hili sihesabu kama kasoro. Hili ni ndoto ya kila mwenye gari la mtumba.

Jizuie kuwapiga wenzako. Ukimpiga mmoja kwa bahati mbaya watalalamika, ukizidisha watakugeukia. Na pale mwanzo kabisa, ukijaribu kumpiga Kapteni Keyes kwenye chumba chake cha kuongozea meli kwa sababu ya utundu tu, Cortana ataita walinzi na hutatoka. Mpwa wangu Hamisi alijaribu mara nne akidhani labda mara ya tano sheria itachoka.

Nimemtaja Hamisi. Ana miaka kumi na tatu, anatoka kwenye kibanda cha gemu pale mtaani ambapo watu wote, kuanzia mwenye kibanda, wanacheza mpira na malipo ni kwa mechi. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mjomba, hii inaisha dakika ya ngapi?" Nikamwambia haina dakika. "Sasa mtu anajuaje kama ameshinda?" Nilimpa pedi ya pili.

Kwa maana gemu hii inakubali watu wawili katika hadithi moja, kioo kikakatwa katikati, wewe juu, mwenzako chini. Katika picha za hadithi Master Chief ni mmoja, wa pekee, tumaini la mwisho la binadamu. Picha zikiisha, mko wawili, mmefanana mpaka kwenye mikwaruzo, wala hakuna askari hata mmoja anayeuliza huyu wa pili katokea wapi. Mmoja akifa, anarudi mara tu aliye hai akiwa mahali palipotulia. Hapo ndipo unapojua tabia ya mtu. Hamisi nikifa hukimbilia nyuma ya jiwe mara moja ili nirudi. Hamisi akifa, mimi hubaki vitani kidogo, kama dakika moja hivi, nikisema, "Subiri mwanangu, hali si nzuri."

Mkitaka kupigana wenyewe, mnaweza kuwa wanne kwenye televisheni moja, kila mtu na robo yake. Kisheria ni marufuku kutazama robo ya jirani. Kila mtu anatazama robo ya jirani. Ukiwa na televisheni nne, mashine nne na nyaya, mnafika kumi na sita. Lakini mtu mwenye televisheni nne anafungua ukumbi wa kuonyesha mpira, hachezi Halo. Kupigana na mtu wa mbali kupitia intaneti hakukuwemo kabisa. Huduma ya Xbox Live ilianza Novemba 2002, nayo Halo hii haikuifikia. Wengi waliliona pengo hilo. Mimi naliona kama ulinzi: aliyeniua amekaa futi mbili kutoka kwangu na ninaweza kumtuma maji.

Tumefika misheni ya tano, na hapa mwongozo unabadilika. Mpaka sasa nimekufundisha kucheza. Kuanzia sasa nakufundisha kutetea.

Kwenye Assault on the Control Room utavuka daraja lenye theluji, utaingia chumba cha chuma cha kijivu, utapita mlango, utatokea daraja lenye theluji, utaingia chumba cha chuma cha kijivu. Usidhani umerudi nyuma. Unaendelea mbele. Vyumba ni vilevile, nguzo ni zilezile, na siku ya kwanza nilizunguka muda mrefu nikiua watu ambao nilikuwa na hakika nimekwisha kuwaua. Hamisi atauliza, "Mjomba, si tumepita hapa?" Mjibu hivi, kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Waliojenga pete hii ni ustaarabu wa kale wenye teknolojia ya hali ya juu, na ustaarabu wa namna hiyo hujenga kwa viwango." Ataguna. Endelea.

Misheni ya sita itakusaidia kupumzika kutetea, maana ni nzuri kwelikweli. Kinamasi, ukungu, adui wachache. Wengi wa wale uliowazoea unawaona wamekufa, na si wewe uliyewaua. Unakuta kofia ya askari yenye kumbukumbu ya picha, unatazama alichokiona dakika zake za mwisho, kisha milango inaanza kugongwa kutoka upande wa pili. Ndipo wanapotoka Flood, vimelea vinavyoingia mwilini mwa mtu na kumfanya gari lao. Hamisi alisogea kwenye mkeka mpaka bega lake likagusa langu, akasema anasikia baridi. Ilikuwa Februari, Dar es Salaam.

(Ukipata toleo lililopakwa rangi upya, Anniversary la Novemba 2011, kuna kitufe kinachokurudisha kwenye sura ya zamani papo hapo. Kitumie hapa. Waliopaka rangi waliwasha taa nyingi mno kinamasini, na hakuna jini wa kutisha chini ya taa ya barazani.)

Halafu, baada ya kutushika roho namna ile, ikaja The Library.

Sina kisingizio kilichokamilika kwa The Library. Nimejaribu kwa miaka. Ni korido. Ndani ya korido kuna mlango mkubwa, nyuma ya mlango kuna korido. Sakafuni wamechora mishale ya kuonyesha mbele ni wapi, na mtengenezaji anayelazimika kuchora mishale sakafuni amekwisha kukiri kosa kwa maandishi. Kiroboti kinachoelea, 343 Guilty Spark, kinakuongoza huku kinaimba puani, kinafungua njia kisha kinatoweka kwenda kushughulikia mengine, kama karani mwenye funguo. Adui ni Flood tu. Hawakimbii, hawajifichi, hawaogopi kiongozi wao akifa kwa sababu hawana kiongozi, wanakuja. Ukimaliza hao wanakuja wengine, kisha unapanda lifti unakuta ghorofa ileile.

Irudie ile kauli ya Griesemer uone kilichovunjika. Nusu dakika ipo bado, bunduki ni zilezile, bastola ile tamu unayo. Lakini sinia halikubadilika. Hakuna gari, hakuna anga, hakuna Grunt wa kulia, hakuna jiwe. Kila kitu kilichofanya raha ijirudie bila kuchosha kimeondolewa, imebaki kurudia. Ukiulizwa na mtu mwenye chuki na Halo, mkabidhi The Library bila kupigana. Ni sadaka. Akishashiba hapo anaweza asifike kwenye aibu inayofuata.

Aibu inayofuata ni nauli ya kurudi. Misheni zimo kumi. Ya nane ni ile ya tano, ya theluji na vyumba vya kijivu, unaipita kinyumenyume. Ya tisa inakurudisha kwenye meli ya Covenant uliyoiona kwenye ya tatu. Ya kumi inakurudisha Pillar of Autumn, ulikoamshwa kwenye jokofu. Ni daladala iliyofika mwisho wa kituo, kondakta akageuza kibao, akapita tena kukusanya nauli kwa abiria walewale. Visingizio vinavyokubalika ni viwili. Cha kwanza, cha kishairi: shujaa anarudi alikotoka na kukuta pamebadilika, kuta zimeungua, waliokuwa adui wanapigana na adui mpya, na wewe unaweza kukaa juu ya daraja ukawaacha wamalizane. Hiki kina ukweli, na ile raha ya kuwatazama Covenant na Flood wakichinjana huku unajaza ngao yako haipatikani misheni za mwanzo. Cha pili, cha kweli zaidi: harusi ilikuwa Novemba. Wali ulikuwa hautoshi, wakarudisha chungu jikoni, wakaongeza maji kwenye mchuzi. Wageni walikula.

Usimtetee mwenye upanga. Yule Elite mwenye upanga wa mwanga anaua kwa pigo moja, unahangaika naye robo saa, unamuua, unakimbia kuuokota upanga, nao unayeyuka. Nimetafuta hekima ndani yake. Hamna.

Mwisho wa yote ni safari ya Warthog ndani ya meli inayolipuka, saa inahesabu kurudi nyuma kiooni, muziki wa ngoma umerudi, njia inapanda, inashuka, inakatika. Mmoja aendeshe, mwingine akae kwenye bunduki. Mwambie atakayekaa kwenye bunduki asipige mtu yeyote, ashike tu. Tulijaribu jioni saba. Jioni ya pili Hamisi aliendesha, akapita shimo la kwanza kwa mwendo ambao hata sasa siwezi kuueleza, mimi nikabaki hewani peke yangu. "Mjomba, si ungeshika?" Katika hesabu zote za kasoro na uzuri, dakika hizo ndizo zinazonifanya nisiuze mashine. Vyote vimo humo: gari lisilovunjika, breki zisizokuwepo, njia unayodhani umeikumbuka, na mtu wa kumlaumu.

Ukishamaliza kwa kiwango cha kawaida, utashawishika kuirudia kwa Legendary, kiwango cha nne na cha juu kabisa, ambapo Grunt mmoja mwenye usingizi anaweza kukutoa roho. Itakuchukua wiki, na itakulazimu utumie kila nilichokuambia kuhusu jiwe. Tuliifanya likizo ya Juni. Zawadi yake ni hii: meli inalipuka, pete inavunjika, na kabla moto haujafika, gemu inakupa picha moja ambayo wa viwango vya chini hawaioni. Sajenti Johnson, mmoja wa askari wetu, anagombania bunduki na Elite, wanavutana, wanatambua moto unakuja na hakuna wa kushinda, wanaiachia. Kisha wanakumbatiana.

Mama Zuhura alikuwa anapita na beseni la nguo. Kwa wiki zote zile hakuwahi kutazama kioo hata mara moja. Siku hiyo alisimama, akatazama lile jitu na yule sajenti walivyoshikana, akatutazama sisi wawili juu ya mkeka, jasho linatutoka.

"Kumbe siku zote mlikuwa mnapatanisha watu," akasema.

Nikamwambia ndiyo.